Zege la C50 kupasuka siku ileile: saruji haina kosa

*"Mhandisi, shikamoo. Nasimamia ujenzi wa daraja dogo nje kidogo ya Dodoma. Mwezi uliopita tulimwaga zege la sakafu ya daraja, unene milimita 200, juu ya mihimili ya zege iliyotengenezwa zamani kidogo. Zege ni C50/60: saruji kilo 480 kwa mita ya ujazo, silika fyumu asilimia 7, uwiano wa maji kwa saruji 0.33. Tulianza saa nne asubuhi tukamaliza saa tisa alasiri, jua kali na upepo. Saa kumi na moja jioni nikaona nyufa zimelala sambamba, kama nusu mita kati ya ufa na ufa. Kumwagilia maji tulianza asubuhi yake. Siku ya nne zikatokea nyingine, hizi zinakata upana mzima wa sakafu kila baada ya mita mbili tatu. Kyubu za siku 28 zimetoka wastani wa megapaskali 68. Fundi mkuu anasema saruji ni feki. Waliotuuzia zege wanasema hatukumwagilia. Mshauri mwelekezi anataka tuongeze nondo kwenye sakafu inayofuata. Mwenzangu anashauri tuongeze maji kidogo kwenye gari ili zege lisikauke haraka. Upande wa pili tunamwaga baada ya wiki mbili. Nimsikilize nani?"*

Marahaba, na pole. Naona kinachokuuma zaidi ya nyufa zenyewe ni kwamba mlifanya kila kitu kwa kipimo, zege likatoka na nguvu kuliko mlivyoombwa (C50/60 inadai kyubu, yaani vipande vya majaribio vinavyobanwa hadi vivunjike, zifikie megapaskali 60), na bado likapasuka. Unajiuliza zege la nguvu linawezaje kupasuka wakati sakafu za C25 za nyumba za jirani zimetulia.

Jibu ni kwamba limepasuka kwa sababu hiyohiyo ya nguvu. Si wewe wa kwanza. Marekani ilipitia hali hii kwa ukubwa wa kutisha: ripoti namba 380 ya programu yao ya taifa ya utafiti wa barabara kuu, iliyotoka mwaka 1996, ilisema zaidi ya madaraja 100,000 yalikuwa na nyufa za mapema zinazokata sakafu, nyingi zikitokea zege likiwa bado changa. Na miongoni mwa visababishi vilivyotajwa ni zege lenye saruji nyingi linaloshika nguvu haraka.

Basi tuwaondoe wasemaji wako mmoja mmoja. Fundi mkuu amekosea moja kwa moja. Saruji feki haitoi kyubu za 68. Waliokuuzia zege wana nusu ya ukweli, nami nitaifikia. Mwenzako wa kuongeza maji usimsikilize kabisa: lita 100 kwenye gari la mita saba ni zaidi ya lita 14 kwa kila mita ya ujazo, uwiano wako unaruka kutoka 0.33 hadi karibu 0.36, nguvu inashuka, na zege lenye maji ya ziada litasinyaa zaidi miezi ijayo likikauka. Mshauri mwelekezi nitamjibu kwa heshima mwishoni mwa maelezo ya chanzo, kwa sababu hoja yake si ya kutupa.

Sasa turudi kwenye nyufa zenyewe. Una familia mbili za nyufa, na kila moja ina mzazi wake. Watu wengi huziweka kapu moja, wakatafuta dawa moja, wakashindwa.

Nyufa za saa kumi na moja jioni zilizaliwa zege likiwa bado bichi. Zege la kawaida likishamwagwa, kokoto na saruji hushuka taratibu na maji kidogo hupanda juu. Utaona uso unang'aa. Maji hayo ndiyo kinga. Jua na upepo vikiyanywa haraka kuliko yanavyopanda, uso unakauka, maji yaliyobaki katikati ya chembe yanajikunja na kuzivuta chembe zikaribiane. Uso unataka kusinyaa, chini hakutaki, na zege bichi halina nguvu yoyote ya kujizuia. Linachanika.

Zege lako halikuwa na kinga hiyo. Silika fyumu, ule unga unaoongezwa kwenye saruji, ni laini mno kuliko saruji, kila chembe inashika maji, na kwa uwiano wa 0.33 karibu hakuna tone linalopanda juu. Upande wa pili wa mizani kuna Dodoma. Tuchukue mchana wa kiangazi: hewa nyuzi 30, unyevu asilimia 40, upepo wa kilomita 20 kwa saa, zege lenyewe nyuzi 33 kwa sababu limekaa kwenye gari. Fomula inayotumika duniani kukadiria uvukizi inatoa karibu kilo 1.5 za maji kwa mita ya mraba kila saa. Kikomo cha tahadhari kwa zege la kawaida ni kilo 1. Kwa zege lenye silika fyumu, wengi hushusha hadi nusu kilo. Kwa makadirio hayo nyinyi mlikuwa mara tatu ya hapo, kwa saa tano mfululizo, na hukunitajia turubai wala ukungu wa maji. Hesabu hiyohiyo ukiipeleka usiku, hewa nyuzi 22, unyevu asilimia 65, upepo kilomita 8, zege nyuzi 27, inatoa karibu 0.4. Zege lile lile, saruji ile ile, ila saa imebadilika.

Hapo ndipo penye nusu ya ukweli ya waliokuuzia zege. Kumwagilia mlimwagilia, lakini mlianza asubuhi ya pili, saa nyingi baada ya jeraha. Kwa zege la aina hii, utunzaji wa unyevu unaanza dakika ile ubao wa kusawazisha unapopita, hausubiri zege ligande.

Familia ya pili, zile nyufa za siku ya nne zinazokata upana mzima, ndiyo inayohusu nguvu yenyewe. Hapa naomba utulie nami kidogo.

Saruji ikiungana na maji, kinachozaliwa kinachukua nafasi ndogo kuliko saruji na maji vilivyokuwa vikichukua mwanzo. Ni kama mililita 6 hadi 7 zinazopotea kwa kila gramu 100 za saruji. Kwa kilo zako 480, kama saruji yote ingefanya kazi, ni karibu lita 30 za nafasi tupu ndani ya kila mita ya ujazo. Katika zege la C25 kuna maji ya ziada ya kujaza vinafasi hivyo, kwa hiyo husikii kitu. Powers, Mmarekani aliyechunguza jambo hili miaka ya 1940, alionyesha kuwa saruji iliyofungiwa bila maji ya nje inahitaji uwiano wa karibu 0.42 ili imalize kazi yake. Wewe uko 0.33. Zege lako linakunywa maji yake lenyewe hadi vitundu vinabaki nusu vitupu, na maji yaliyobakia yanavuta kuta za vitundu hivyo kwa ndani. Zege linasinyaa lote, ndani na nje, hata ukilifunga kwenye nailoni lisipoteze tone moja kwa jua. Wataalamu wanauita mnyweo wa ndani. Huko Hiroshima mwaka 1998 walikutana kongamano zima kwa ajili ya jambo hili tu, maana majengo ya zege la nguvu yalikuwa yameanza kuwashangaza watu kila mahali.

Juu ya hilo ongeza joto. Saruji ikifanya kazi inatoa moto, na kilo 480 ni nyingi. Sakafu ya milimita 200 inapoteza joto haraka, lakini kupanda nyuzi 20 juu ya hewa ni jambo la kawaida kabisa. Zege linashika ugumu likiwa la moto, kisha siku mbili tatu zinazofuata linapoa, tena kwa usiku wa Dodoma ambao unaujua ulivyo. Kila nyuzi moja ya kupoa ni kusinyaa kwa karibu sehemu 10 katika milioni. Nyuzi 20 ni milimita 0.2 kwa mita. Mnyweo wa ndani, kwa kanuni ya Ulaya ya Eurocode 2, unafikia milimita 0.1 kwa mita kwa C50 mwishowe, na ukiwa na silika fyumu unaweza kuzidi hapo. Zege huvumilia kuvutwa kama milimita 0.1 kwa mita hivi kabla ya kupasuka.

Kama sakafu ingekuwa inaelea, ingesinyaa kwa raha zake na usingeona ufa. Lakini imeshikamana na mihimili iliyokwisha kusinyaa na kupoa zamani. Ni ngozi mbichi iliyowambwa kwenye ngoma ikaachwa juani: inajivuta, mbao za ngoma hazisogei, na pakiwa na sehemu dhaifu hapo ndipo inapochanika. Mihimili yako inaendelea kwa urefu, kwa hiyo mvuto uko kwa urefu na nyufa zinakata kwa upana. Ramani ya nyufa zako inasema hivyo hivyo.

Mtu atauliza: si zege la nguvu lina nguvu zaidi ya kuvutwa pia? Linayo, lakini haiongezeki kwa kasi ileile. Kwa Eurocode 2, ukitoka C30 kwenda C50 nguvu ya kubanwa inapanda asilimia 67, ya kuvutwa inapanda kutoka megapaskali 2.9 hadi 4.1, yaani kama asilimia 41. Wakati huohuo zege linakuwa gumu zaidi na halilegei. Zege la kawaida likivutwa kwa siku kadhaa hulegea kidogo kidogo na kupunguza mkazo. La nguvu linagoma, na mkazo wote unabaki ndani yake.

Ndiyo maana hoja ya nondo haitoshi. Nondo haizuii zege kusinyaa. Kazi yake ni kugawa ufa mmoja mpana uwe nyufa nyingi nyembamba, na hiyo ni kazi ya maana. Mwambie mshauri wenu kwamba badala ya kuongeza uzito wa chuma, abadilishe nondo nene za mbali kwa nyembamba zilizokaribiana, eneo la chuma likibaki lilelile. Nyufa zitakuwa nyembamba zaidi. Hazitatoweka.

Sasa sakafu ya pili. Kama ningekuwa na sauti moja tu kwenye mradi wenu, ningeitumia kuuliza: kwa nini C50? Nimeona michoro mingi ambayo namba hiyo imeandikwa kwa imani kuwa kubwa ni bora. Sakafu ya daraja dogo Dodoma, mbali na chumvi ya bahari, mara nyingi inajitosheleza kwa C35 au C40 iliyotunzwa vizuri. Kwa saruji kilo 400 na uwiano wa 0.40, maji yako yanabaki lita 160, karibu yaleyale ya sasa, na dawa ya kulainisha zege inafanya kazi ileile. Umepunguza kilo 80 za saruji: joto limeshuka, mnyweo umeshuka, na uko karibu na ile 0.42 ya Powers. Kama hakuna sababu ya msingi ya silika fyumu, iondoe. Saruji ya daraja la nguvu la 42.5 yenye pozolana, kama majivu ya volkano yaliyosagwa, nayo inasaidia kwa joto, mradi ukubali kuwa inashika nguvu polepole na kwa hiyo inataka maji siku nyingi zaidi. Lakini huu si uamuzi wako wewe msimamizi, wala wangu kutoka huku. Ni wa aliyesanifu, kwa maandishi, baada ya kurudia hesabu zake.

Tuseme amekataa na C50 inabaki. Kuna njia ya kuweka akiba ya maji ndani ya zege lenyewe: unabadilisha sehemu ya mchanga kwa pumisi iliyosagwa na kulowekwa, yale mawe mepesi ya volkano ambayo watu huyajua kwa kusugulia visigino. Yapo Rungwe, na kwa wasomaji wa Kenya yapo Bonde la Ufa. Zege likianza kukauka ndani, pumisi inatoa maji yake. Kwa mchanganyiko wako unahitaji karibu lita 30 za maji ya akiba kwa mita ya ujazo. Pumisi inayonywa asilimia 20 ya uzito wake maana yake ni kilo 150 hivi ikiwa kavu. Kitaalamu naipenda njia hii. Kwa wiki mbili ulizonazo siipendekezi, kwa sababu unyevu wa pumisi ukikuponyoka kwenye kiwanda cha kuchanganyia, uwiano wako wa maji haujulikani tena. Ipeleke maabara kwa ajili ya mradi ujao.

Dawa za kupunguza mnyweo, ambazo Wajapani walizianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, zinafanya kazi kwa kudhoofisha mvuto wa maji ndani ya vitundu. Zinafaa kweli. Ni ghali, na zinaweza kupunguza nguvu kidogo na kuchelewesha zege kushika, kwa hiyo zinataka majaribio. Nyuzi za polipropilini, robo tatu ya kilo hivi kwa mita ya ujazo, ni rahisi zaidi na zitapunguza nyufa za siku ya kwanza. Asikudanganye muuzaji kwamba zitazuia zile za siku ya nne.

Dawa kubwa iko kwenye saa na unyevu, na haina gharama ya kutisha. Anzeni kumwaga jua likielekea kuzama. Kumwaga alfajiri kunaonekana busara lakini si kwa zege hili: joto la saruji litafika kileleni mchana, sambamba na jua. Ukimwaga jioni, kilele kinaangukia usiku na hewa baridi. Agizeni gari lifike na zege chini ya nyuzi 30. Kokoto ziwekwe kivulini na kulowanishwa, na barafu iingie sehemu ya maji ikibidi. Mihimili, boksi na nondo zimwagiwe maji kabla, zipoe, bila kuacha madimbwi. Upande unaotoka upepo simamisheni turubai za kimo cha mtu au zaidi.

Nyuma ya ubao wa kusawazisha awepo kijana mwenye bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa mashambani, jipya kabisa, lenye pua ya ukungu. Anapulizia hewa iliyo juu ya zege, halengi zege. Mwangalieni fundi wa mwiko: akiona uso umeanza kukauka, mkono wake utakwenda kwenye ndoo, atarusha maji na kuyasugua ndani. Hapo ametengeneza ngozi dhaifu itakayobanduka kwa matairi. Ndoo isiwepo karibu naye. Kuna utando wa kupulizia unaopunguza uvukizi kati ya kusawazisha na kumalizia; mkiupata, utumieni, mkijua kuwa hauchukui nafasi ya kumwagilia. Na nyufa za mwanzo zikijitokeza zege likiwa bado bichi, zifungeni papo hapo kwa kulisindilia upya na kusugua. Kupaka tope la saruji juu ni kuzificha tu.

Sehemu iliyokwisha kumaliziwa ifunikwe kwa nailoni mara moja. Ikifika hatua ya kutoacha alama ya kidole, tandikeni magunia yaliyolowekwa tangu mchana, kisha nailoni juu yake. Epuka magunia yaliyobeba sukari. Sukari inachelewesha saruji kushika na uso utabaki laini. Maji ya kumwagia yatoke kwenye tangi lililotulia, yasiwe baridi sana juu ya zege la moto. Mapema ndiyo siri hapa, kwa sababu zege la nguvu likishafunga vitundu vyake maji ya nje hayafiki mbali tena. Ya siku ya kwanza yana thamani kuliko ya siku ya tano. Hata hivyo siku 7 ni za chini kabisa, na kwa silika fyumu ningekaa 10 hadi 14. Mkisitisha kumwagilia, acheni nailoni siku kadhaa zaidi ili kukauka kuwe kwa taratibu.

Kabla ya yote hayo, mwageni kipande cha majaribio cha mita tatu kwa tatu, saa ileile, timu ileile, na muache kiwaonyeshe makosa.

Kuhusu sakafu iliyopo, msikimbilie kuziba. Pimeni upana kwa kadi ya kupimia nyufa asubuhi kukiwa baridi, andikeni tarehe kwa penseli kwenye ncha za kila ufa, mrudie baada ya wiki. Jengeni tuta dogo la udongo wa mfinyanzi, jazeni maji juu, mkatazame chini ya daraja panapodondoka. Nyufa zilizo chini ya milimita 0.2 zisizopitisha maji kwa kawaida hutulia chini ya tabaka la kuzuia maji. Zilizo pana zaidi, zikishaacha kuongezeka, hujazwa kwa gundi nyepesi ya epoksi, tena asubuhi zikiwa zimefunguka, si mchana zikiwa zimejibana.

Mwiteni mhandisi wa miundo aliyesajiliwa aje kwa miguu yake, kabla gari lolote halijapita, mkiona ufa unaozidi milimita 0.3, unaotoboa hadi chini na kuvujisha maji, unaofuata mstari wa nondo kwa urefu, wenye upande mmoja ulioinuka kuliko mwingine, au ufa wowote wa mshazari kwenye mihimili yenyewe. Kwa nyufa ulizonieleza za siku ya nne, za upana mzima, mimi ningemwita hata kama kipimo ni kidogo. Akate sampuli ya zege juu ya ufa mmoja au miwili aone umeshuka kiasi gani, na mkabidhini rekodi za siku ile: saa ya kila gari, joto la zege, hali ya hewa. Kama hazikuandikwa, kaeni wote leo mziandike mkiwa bado mnazikumbuka.